Mistari Minne Iliyobaki

Lavonne Stuckey alikuwa amekipindua kitoroli cha mbolea magurudumu juu, pale kwenye saruji mbele ya gereji, na alikuwa akiyaziba matundu yake. Yalikuwa ishirini na mawili, yamejipanga chini ya sanduku kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Yeye alihitaji manane ya katikati tu. Alipima kwa rula, akaweka alama kwa penseli, kisha akabandika utepe mpana wa kijivu, saba huku na saba kule, akiukandamiza kwa ukucha wa kidole gumba mpaka kila tundu likachora umbo lake kwenye utepe.

"Unakiziba mdomo?" ilisema sauti kutoka ng'ambo ya barabara.

Hakuhitaji kugeuka. Jirani yake, Merle Nofziger, huwa ameegemea sanduku lake la barua kila Jumamosi asubuhi, kikombe mkononi, kama mlinzi asiyelipwa.

"Nakiziba," Lavonne alisema. "Na nikimaliza utepe utabaki, kwa hiyo uwe na adabu."

"Mimi nimekwisha kuizoea ile mistari yako. Jana mtu wa posta kaniuliza kama umeanika godoro."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia ndiyo, lakini la watu wawili."

Lavonne alicheka kidogo, kicheko cha puani, akaendelea na kazi. Merle alikuwa amesema kweli. Uwanja wa nyasi mbele ya nyumba yake ulikuwa na mistari kumi na miwili ya kijani kilichokolea, mipana, na katikati yake mistari kumi na mmoja iliyopauka, myembamba, kila mmoja upana wa kiganja na nusu. Yote ilitoka barabarani ikaja hadi ukutani chini ya dirisha kubwa, imenyooka kama iliyopigwa kwa rula. Aliichora mwenyewe mwezi wa nne, bila kujua. Mbolea ina tabia hiyo: ukikosea leo haisemi kitu. Inakaa siku kumi, halafu inamwambia mtaa mzima.

Kosa lenyewe alilielewa siku ileile mistari ilipotokeza. Kitoroli hiki hakirushi punje. Kinazidondosha chini yake, baina ya magurudumu, na mahali pa magurudumu hapadondoki kitu. Kwa hiyo unaporudi lazima ukanyage alama ya gurudumu ya safari iliyopita, sanduku lipite pale ambapo gurudumu lilipita. Lavonne hakukanyaga. Aliweka gurudumu kando ya alama, kwa uangalifu mkubwa. Miaka thelathini na moja alikuwa mpimaji kwenye ghala la mahindi la wakulima, anapima lori likija na shehena na anapima likiondoka tupu, na hakuna mkulima aliyewahi kupimiwa mara mbili wala kuachwa bila kupimwa. Kukanyaga alama mara ya pili kulionekana kwake kama kumpimia mtu mara mbili. Uaminifu ndio uliomponza.

"Ungechukua kile changu cha kurusha," Merle alisema. Alikuwa ameshavuka barabara. "Mbona miaka yote ulikuwa unaazima?"

"Chako kinatupa kama mtu anayelisha kuku."

"Basi?"

"Basi kuku wenyewe ni maharage yangu, njia ya watu, na huo mtaro unaokwenda mtoni. Kila mwaka nusu saa ya kusambaza na saa nzima ya kufagia."

Hayo ndiyo aliyomwambia hata muuzaji wa dukani mwezi wa tatu. Yule alimsukumia kitoroli cha kurusha, kizuri, magurudumu manene, akamwambia kwa hiki utamaliza kabla kahawa haijapoa. Lavonne akamuuliza kinarusha umbali gani. Futi tano kila upande. Uwanja wake una upana wa futi thelathini, maharage kushoto, njia ya waenda kwa miguu kulia. Akauliza: na punje zikiangukia zege? Unafagia tu, mama. Basi akageuka akachukua hiki cha kudondosha, kilichokuwa pembeni kina vumbi, na akakifunga mwenyewe boliti kwa boliti. Hakuona sababu ya kujutia. Chombo kilifanya alichoambiwa. Aliyekiambia vibaya ni yeye.

Alikisimamisha. Chini ya matundu manane alining'iniza kipande cha mfereji wa bati kwa waya mbili, ili kikinge kila kitakachodondoka. Akamimina kopo moja la mbolea sandukuni, akaweka wenzo wa kufungulia matundu kwenye namba nne, akasukuma kutoka mlango wa gereji hadi kwenye mstari wa chaki, futi thelathini kamili. Akafunga. Kisha akachukua bakuli la mizani yake ya kupimia unga na kumwaga humo kilichokingwa.

"Mfuko umeandikwa namba sita," Merle alisema, akiinama kusoma.

"Mfuko hauna habari na kitoroli changu. Wala haujui nimeziba matundu kumi na manne."

"Sasa unatafuta nini?"

"Wakia moja. Mstari uliopauka, futi thelathini, unatakiwa kula wakia moja."

Mizani ilisema wakia moja na robo tatu. Akarudisha mbolea, akashusha hadi namba tatu, akasukuma tena. Wakia moja kasoro. Akaupandisha wenzo unywele mmoja juu ya tatu, akasukuma mara ya tatu, akitembea mwendo uleule, hatua ileile, nyonga yake mpya ikijikumbusha kila alipokanyaga mguu wa kulia. Wakia moja. Alirudia tena kuhakikisha. Wakia moja. Akatoa mfukoni chupa ya rangi ya kucha, akatia doa jekundu pale wenzo ulipokaa.

"Hiyo rangi ilinunuliwa lini?" Merle aliuliza.

"Harusi ya Lowell."

"Ndoa imekwisha, rangi bado ipo."

"Nyamaza, huyo anakuja."

Gari la kijivu la mwanawe lilikuwa likipinda kuingia mtaani. Merle, ambaye hana uso wa kuonana na watu waliotoka mbali kabla hajamaliza kahawa, alirudi ng'ambo.

Lowell alishuka na boksi la donati na bahasha. Bahasha Lavonne aliitambua: ya kile kijiji cha kutunzia wazee kule Toledo, karibu na alikoishi Lowell, yenye picha ya bata kwenye bwawa. Lowell alikuwa na miaka arobaini na saba na kazi yake ilikuwa kukagua lifti. Mtu aliyefanya kazi ile miaka ishirini hawezi kuona kitu kinapanda bila kuwaza kitakavyoanguka. Lavonne hakumlaumu kwa hilo. Mwezi wa kumi na moja alianguka yeye, bafuni, na Lowell alipiga simu mara tisa kabla ya kuwasha gari na kuja. Alimkuta sakafuni. Tangu siku ile uso wake ulibaki na kitu ambacho hakikuwapo zamani.

Lakini ndiye pia aliyesimama hapahapa wiki mbili zilizopita, akaitazama ile mistari, akasema, "Mama, ona. Hata nyasi zinasema huwezi tena." Neno hilo lilimchoma Lavonne kuliko nyonga. Wakaafikiana palepale, mezani jikoni, kwa maneno yaliyo wazi: mpaka sikukuu ya kuwakumbuka askari, Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa tano. Nyasi zikiwa rangi moja, kwa mkono wake mwenyewe, habari ya kuuza nyumba isitajwe tena. Zisipokuwa, ataisoma ile bahasha.

"Umeanza mapema," Lowell alisema sasa, akambusu shavuni.

"Umande umekauka. Ningojee nini?"

"Unataka nisukume?"

"Tulisema mkono wa nani?"

"Nauliza tu." Akautazama uwanja, akahesabu kwa macho. "Utaimaliza yote leo?"

"Nikichoka nitaacha."

"Ukiweza imalize leo, Mama. Zinahitaji siku kumi, si ndiyo? Leo ni tarehe kumi na nane. Ukimaliza leo, tarehe ishirini na nane zitakuwa nzuri sana."

"Sikukuu ni tarehe ishirini na saba."

"Ndiyo. Hiyohiyo." Akafungua boksi la donati akalitazama kana kwamba hajui nani amelileta.

Lavonne aliliona hilo, akaliweka pembeni. Alikuwa na kazi.

Alijaza sanduku palepale kwenye saruji, kwa sababu mbolea ikimwagika nyasini inaunguza duara kama sufuria ya moto. Akapiga vigingi viwili, kimoja barabarani na kimoja ukutani, akavuta uzi juu ya mstari wa kwanza uliopauka. Sanduku alilitia alama ya chaki katikati, na alama hiyo ndiyo ingefuata uzi. Akaanza kutembea kwanza, kisha akafungua, si kufungua kisha kutembea. Punje zikaanza kutoka, na sauti yake ilikuwa ndogo, kama mchele unaomwagwa kwenye karatasi. Mwishoni akafunga huku bado anatembea. Akageuka nyuma kuangalia. Punje nyeupe zilikuwa zimelala kwenye sehemu iliyopauka tu, ukingo kwa ukingo, bila kugusa kijani cha huku wala cha kule.

Alisimama pale muda mrefu kidogo kuliko kazi ilivyodai.

Wa pili. Wa tatu. Kila mara alihamisha vigingi mwenyewe, akiinama kwa goti moja kama alivyofundishwa na yule binti wa mazoezi hospitalini. Lowell alikaa kwenye ngazi za baraza. Mara mbili aliinuka, mara mbili Lavonne akamwangalia, naye akakaa.

"Unatembea vizuri," alisema baada ya mstari wa tano.

"Natembea kama mtu mwenye chuma mwilini."

"Nakusifu, Mama."

"Nimesikia. Asante."

Mstari wa saba ulipokwisha jua lilikuwa juu na shati lake limelowa mgongoni. Ilibaki minne, ile ya mbele ya dirisha kubwa. Akasukuma kitoroli hadi kwenye saruji, akanywa maji ya bomba kutoka kwenye mpira. Merle alikuwa ameona mapumziko, akavuka tena, safari hii kwa ajili ya donati.

"Lowell."

"Bwana Merle."

"Mama yako kaniaibisha. Nimekaa kule nikingoja akosee, mpaka kahawa imepoa." Akauma donati, akafuta sukari kwenye ndevu. "Yule mwanamke wako atafurahi."

Lowell aliacha kutafuna.

"Mwanamke gani?" Lavonne aliuliza.

Merle alimtazama huyu, akamtazama yule, akaishusha donati. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Alikuja Jumatano, Lavonne, ulipokuwa kwenye mazoezi. Mwanamke mwenye kamera. Akaniuliza jua linapiga uso wa nyumba saa ngapi. Nikadhani unajua. Alisema katumwa na Lowell." Akavua kofia, akatoa kadi iliyokuwa imechomekwa ndani ya ukingo wake. "Aliniachia hii, eti kama na mimi siku moja..."

Lavonne aliichukua. Dalali wa nyumba, jina la kike, namba ya simu. Nyuma yake palikuwa na maandishi ya kalamu, ya mtu mwenye haraka: *Picha za mbele, tarehe 28, saa tatu asubuhi. Nyasi zitakuwa tayari.*

Aliisoma mara mbili, kama alivyozoea kusoma tiketi ya mizani kabla ya kuitia sahihi.

"Ngoja nikaone kama bomba langu linavuja," Merle alisema, akaondoka na donati yake.

Lowell alikuwa amesimama. "Mama, si hivyo."

"Ni vipi?"

"Ni picha tu. Nilitaka tujue nyumba ina thamani gani. Mwezi wa tano ndio watu hununua, nyasi zikiwa kijani. Nilisema tukishajua, tutakaa tuzungumze."

"Tulikwisha kukaa. Mezani pale. Ulikunywa maziwa yangu."

"Najua."

"Ukasema zikiwa rangi moja, basi."

"Nilisema hivyo ili..." Akashika kichwa. "Sikufikiri utaweza. Mistari ile, Mama, nilijua haitoki. Niliuliza mtu wa kampuni ya nyasi, akasema mpaka mwezi wa saba. Halafu Jumatatu ukanieleza kwa simu habari ya utepe na matundu, nikaona, huyu atafaulu. Ndipo nikampigia yule mwanamke. Nikasema kama zitakuwa nzuri, basi angalau zisiende bure."

Lavonne aliliangalia jibu hilo kutoka kila upande. Lilikuwa la kweli, aliona hivyo, na ukweli wake ndio uliokuwa mbaya. Alizungumza polepole, kwa sauti ileile aliyoitumia zamani kwa wenye malori waliotaka kupimiwa gurudumu moja likiwa nje ya mizani.

"Yaani nikishindwa, naondoka kwa sababu siwezi. Nikiweza, naondoka kwa sababu nyumba imependeza."

Lowell aliitazama ile kadi mkononi mwa mama yake.

"Nipe mlango wa tatu, Lowell. Ule wa kubaki uko wapi?"

"Nilikukuta chini," alisema. "Ulikuwa baridi. Hujui ilikuwaje."

"Najua ilikuwaje. Mimi ndiye niliyekuwa chini." Akaitia kadi mfukoni. "Na mwezi mzima baada ya hapo nilifanya kila mlichosema. Nikavaa shingoni kile kidude cha kuitia msaada. Nikatoa mazulia. Nikaweka vyuma vya kushikia bafuni. Sikubishana hata siku moja. Leo nabishana."

Akageuka. Akakisukuma kitoroli mpaka kwenye turubai lililotandikwa mlangoni pa gereji. Akafungua mfuko, akakiinamisha, na mbolea iliyobaki sandukuni ikarudi mfukoni ilikotoka.

"Unafanya nini?" Lowell aliuliza.

"Nafunga kazi."

"Imebaki minne."

"Naiona."

"Mama, ile minne ndiyo ya mbele ya dirisha. Ukiacha hivyo, hii itakolea na ile itabaki njano. Itaonekana vibaya kuliko mwanzo."

"Vibaya sana," Lavonne alikubali. Akachukua brashi kuukuu ya rangi, akaanza kupangusa punje kwenye pembe za sanduku, kwa sababu punje moja ikipata unyevu inakula chuma. "Hasa kwenye picha."

Lowell aligeuka kuelekea uwanjani. Aliitazama mistari: saba iliyolishwa, minne yenye njaa, imejipanga sawasawa chini ya dirisha kubwa ambako kamera yoyote ingelazimika kuangalia.

"Hutamaliza?"

"Nitamaliza. Nyasi ni zangu, siwezi kuziacha vile. Lakini si kwa ajili ya mwanamke mwenye kamera, wala si kwa ajili ya yale tuliyoafikiana mezani. Hayo nimeyafuta. Ningeweza kuotesha magugu ya mibaruti mpaka kwenye paa na bado nyumba ikawa yangu. Nilikosea kukubali iwe kitu cha kushindania." Akapuliza vumbi kwenye wenzo, doa jekundu lilikuwa mahali pake. "Ile minne ni ya kesho. Umande ukikauka. Ukishapiga simu."

"Leo Jumamosi. Ofisi imefungwa."

"Kwenye kadi kuna namba ya mkononi." Akaitoa mfukoni, akampa.

"Na nisipopiga?"

"Basi mtaa utaangalia godoro mpaka theluji. Mimi sina shida. Mtu wa posta ameshazoea."

Kutoka ng'ambo, ambako bomba lilikuwa haliwezi kuvuja muda wote ule, mtu alikohoa kuficha kicheko.

Lowell alicheka pia, bila kutaka, mara moja, na mara akafuta macho kwa mkono wa shati. Lavonne alimwacha afute. Alipokuwa mdogo pia hakupenda kuangaliwa wakati ule.

"Ukianguka tena, Mama?"

"Nitaanguka ndani ya nyumba yangu, nina kile kidude shingoni, utakuja. Ndicho ninachoweza kukuahidi. Sina kingine, na sitakudanganya kwamba ninacho."

Alibandua utepe kidogo upande mmoja kuona kama gundi imeshika. Ilikuwa imeshika. Akaurudisha, akaukandamiza kwa ukucha. Hakuwa na haja ya kuutoa, ungemfaa kesho. Akalifunga sanduku kwa kipande cha turubai, akakiingiza kitoroli gerejini mahali pasipofikiwa na mvua. Kisha akarudi uwanjani na nyundo. Akang'oa kigingi cha mstari wa saba, akahamia wa nane, akakipigilia. Akaenda hadi ukutani, akapigilia kingine, akavuta uzi katikati yake mpaka ukalia alipougusa kwa kidole.

Lowell alikuwa bado kwenye ngazi, kadi mkononi, anaigeuzageuza. Bahasha yenye bata ilikuwa chini ya boksi la donati, imeanza kulowa mafuta.

"Kuna nyama ya jana," Lavonne alisema akimpita. "Na viazi. Kitanda chako nimetandika."

"Umande unakauka saa ngapi hapa?"

"Saa nne. Saa nne na nusu kukiwa na mawingu."

Aliingia ndani akauacha mlango wa wavu ujifunge wenyewe nyuma yake. Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akawasha jiko. Kupitia dirisha kubwa aliuona uzi mweupe umekaa juu ya mstari wa nane, na mgongo wa mwanawe, na kiwiko chake kikiinuka kupeleka simu sikioni. Hakusogea karibu kusikia. Alianza kumenya viazi.